Mto Nilioumeza

Juzi nilikwenda ofisi moja hapa Kasulu mjini kugongewa muhuri kwenye nakala ya cheti changu. Karani alikuwa ameongeza wino mpya, ule wa zambarau, na alipoubonyeza muhuri harufu ikanipanda puani. Nikamwambia "nakuja", nikatoka nje, nikasimama juani kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Sista, twende?" Nikamjibu kwa ukali kwamba siendi popote. Maskini, hakuwa amenikosea kitu. Hakujua kwamba pua yangu ilikuwa imeshanirudisha kwenye ofisi ya kijiji chetu kule Kumsenga, wilaya ya Kibondo, na kwamba nilikuwa nina miaka kumi na mmoja.

Aliyenilea ni Bibi, mama yake baba. Mama alikuwa shambani kutwa, na Baba alikuwa mpishi kwenye chuo kimoja huku Kasulu, tukimwona mwisho wa mwezi. Nililala na Bibi kitanda kimoja, nikaamka naye. Alfajiri, kabla hajanawa uso, alitoka nje peku, akasimama kwenye umande na kuanza kuamkia. Hakuwa anaamkia watu. Aliamkia mito na vilima, kimoja kimoja, kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani wa bonde la pili. Nikiyageuza kwa Kiswahili changu cha leo, yalikuwa hivi:

Nyabiho, maji baridi, uliyenipokea nikiwa sina jina, umeamkaje?
Mugombe, mlima wa ukungu, unayejifunika wakati sisi tunajifunua, umeamkaje?
Kisuma, mto usioaga, ulikopita jana pamebaki mawe, umeamkaje?
Nanyi miyombo, mnaovaa nyekundu kabla ya mvua, nani aliwaambia?
Nanyi nyuki, mnaokula kwa kila mtu na hamna mwenyeji,
nimeamka. Imana akiwa macho, mimi ni nani nilale?

Imana ndiye Mungu kwa Kiha. Akimaliza ndipo alipopiga ishara ya msalaba na kusali Baba Yetu, hiyo sasa kwa Kiswahili cha kanisani. Katekista alimkemea mara nyingi. Alimwambia, mama, hayo ni mambo ya kipagani, Mungu anataka aombwe yeye tu. Bibi akamjibu, "Hivi wewe ukiingia nyumba ya watu, unamsalimia baba mwenye nyumba, watoto wake unawapita?" Katekista akanywa togwa yake, akaaga. Nimewasikia wahubiri wengi tangu hapo, wengine wenye vipaza sauti vya kupasua masikio, na sijapata aliyenijibia swali lile.

Mimi, kwa utoto wangu, nilidhani hayo ni majina ya ndugu. Nilidhani Nyabiho ni shangazi yake aliyekufa zamani, na Mugombe mjomba mkali. Nilikuwa nimeshawapa na sura. Nikaja kujua kwamba Nyabiho ni mto siku moja tulipokwenda kutafuta uyoga na Bibi akanionyesha, chini kabisa, mstari wa majani mabichi upande wa pili wa mpaka, kule Burundi. "Pale," alisema. "Pale ndipo nilipooshwa." Nilivunjika moyo kidogo, maana shangazi nilikuwa nimemzoea.

Mwaka ninaousema, nyuki walikuwa wanalia kwenye miyombo na majani yametoka mekundu, mvua bado, moshi wa mapori yaliyochomwa umejaa bondeni. Redio ikaanza kutaja "wahamiaji haramu" asubuhi na jioni. Neno haramu nilikuwa nimelisikia kwa Mzee wa duka, Mwislamu aliyekuja kutoka Kibondo mjini. Kwake haramu ilikuwa nguruwe. Basi nikajiuliza mtu anakuwaje nguruwe. Nikaanza kumtazama kila mtu miguuni. Msinicheke, na nyinyi mlikuwa na yenu.

Kisha magari ya serikali yakafika kata ya jirani, na watu wakaanza kuondolewa. Familia moja karibu na shule iliondolewa maharage yakiwa jikoni. Tulipopita mchana yalikuwa yameshaungua na sufuria inanuka njia nzima. Wengine walikuwa wamekuja wenyewe miaka ya karibuni, hilo najua. Lakini wengine walikuwa Waha kama sisi, ila hawakuwa na karatasi, na wakifungua mdomo lugha yao na ya Burundi mgeni hawezi kuzitenganisha. Bibi hakuwa na karatasi yoyote. Cheti cha kuzaliwa cha nini, wakati aliyemzaa alijua kwamba amemzaa? Kiswahili alikielewa chote, kukisema hakutaka. Alisema watu wa serikali humcheka.

Usiku wa kuamkia siku ya zamu ya kitongoji chetu kuhojiwa, mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani. Wakasimama na Mama nyuma ya jiko. Nilikuwa nimetoka kujisaidia, nikamsikia Mama akisema kwa sauti ya kilio, "Nyabiho itamponza. Mwenyekiti, Nyabiho ndiyo itakayomponza mama yetu." Sikungoja kusikia jibu. Nilikimbilia kitandani, nikajibana mgongoni kwa Bibi, na moyo wangu ukaapa kwamba jina hilo halitatoka kinywani mwangu hata wanichape.

Asubuhi Bibi aliamkia kama kawaida. Nilitamani kumziba mdomo.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja, dirisha lake halina kioo. Ndani kulikuwa na meza, daftari refu, muhuri na kile kikopo cha wino wa zambarau. Afisa wa uhamiaji alikuwa mtu wa Pwani, ulimjua kwa maneno yake, na nitasema ukweli: alikuwa na adabu kuliko wengi wetu. Alisimama Bibi alipoingia.

"Shikamoo, Bibi."

"Ego, mwana wanje," Bibi akajibu. Ndiyo, mwanangu.

Mwenyekiti akasogea atafsiri. Afisa akainua mkono. "Wewe kaa nje, Mwenyekiti. Kijiji kizima ni ndugu zako. Nimechoka kutafsiriwa na ndugu." Mama naye akaambiwa abaki nje, pamoja na wazee wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri wamevaa makoti yao ya kanisani. Macho ya afisa yakaniangukia mimi, niliyekuwa nimeshika mkongojo wa Bibi mlangoni.

"Binti, uko darasa la ngapi?"

"La tano."

"Kiswahili unakiweza?"

"Huwa wa kwanza," nikasema. Kwa maringo, Mungu anisamehe.

"Basi njoo usimame hapa. Watoto hawasemi uongo."

Akauliza jina la Bibi, la mumewe, la watoto. Nikatafsiri. Akauliza mume alikufa lini, nani alimzika. Nikatafsiri. Aliandika polepole, na kila alipoandika niliutazama muhuri nikiuomba unyanyuke. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na Bibi ametulia kabisa.

"Mwambie hivi," afisa akasema. "Mtu wa hapa anapajua hapa. Anitajie mito, vilima, miti, chochote anachokijua."

Nilipomfikishia, Bibi alicheka. Alicheka kwa raha, kama aliyeulizwa jambo ambalo amelingoja maisha yake yote. Akasimama, akavua kandambili zake, akazipanga vizuri kando ya meza. Akaamkia. Alianza mwanzo, kwa jina lile, na sauti yake ikajaa chumba mpaka wale wazee nje wakaacha kuzungumza. Alipomaliza akaketi.

Afisa akanigeukia. "Haya."

Nikameza mate. "Amesema: Mugombe, mlima wa ukungu, umeamkaje. Kisuma, mto usioaga..."

"Ngoja." Alikuwa anaangalia daftari lake. "Kaanza na jina jingine. Nimeliandika hapa. Nyabiho." Alilisema vibaya, lakini lilikuwa lenyewe. "Nyabiho ni nini?"

Jina halihitaji mkalimani, na hilo sikulifikiria.

"Ni shangazi yake," nikasema.

"Shangazi yake. Yuko hai?"

"Alikufa."

"Pole. Kazikwa wapi?"

"Hapa hapa. Kwetu."

Afisa akafunga kalamu yake. Hakuwa amekasirika. Akachukua kofia. "Vizuri. Kabla sijagonga muhuri, twende ukanionyeshe kaburi la shangazi."

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema kila siku, lakini ile ya kwenda kwetu siku ile ilikuwa ndefu kuliko njia zote nilizowahi kupita. Afisa mbele na mimi, Bibi nyuma na mkongojo wake, kisha Mama, mwenyekiti na wazee. Mama alikuwa ananiuliza kwa macho nimesema nini. Makaburi ya kwetu yako matano, nyuma ya migomba, na nilikuwa nayahesabu kichwani nikitafuta la kumpa shangazi. Nilichagua lile lililokuwa peke yake pembeni, lenye mawe meupe. Nikanyoosha kidole.

Afisa akalisogelea. Akainama kuyaangalia mawe.

"Huyo ni mume wangu," Bibi akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Afisa akageuka taratibu.

"Nyabiho si mtu," Bibi akaendelea, neno moja moja, kama anayevuka mawe ya mtoni. "Ni mto. Uko kule. Nilizaliwa kule. Mimba ya kwanza, mama alikwenda kwao kujifungua. Siku nane, akarudi hapa na mimi mgongoni. Mtoto anaogopa. Usimpige."

"Kumbe Kiswahili unakijua, Bibi."

"Cha kanisani."

Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja. Ni kweli, afande, ndiyo mila yetu, kifungua mimba huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama, baba yake huyu alikuwa wa hapa na babu yake wa hapa, kaburi lake hilo pale. Afisa alisubiri mpaka walipochoka.

"Hayo mngeniambia mapema ningeyaandika," alisema. "Sasa mmenipa mtoto wa kunidanganya na bibi wa kujifanya hasikii. Mtu mwenye haki hafichi. Nitajuaje na hayo hamkuyapanga pale kwenye benchi?"

Mzee mmoja akaniangalia, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, huo mto tungeusema sisi. Ndio tuliokuja kuusema."

Hapo ndipo nilipolijua jibu nisilolingoja usiku ule nyuma ya jiko. Mwenyekiti alikuwa amemwambia Mama: haitamponza, tutaitaja wenyewe kwanza, na wazee watashuhudia. Kila mtu kijijini alikuwa amejiandaa kusema kweli, isipokuwa mimi.

Muhuri ukagongwa, lakini kwenye orodha nyingine. Walimpa Bibi muda wa kufunga kitenge kimoja cha vitu. Kwenye lori alikaa na kina mama wengine, akakaza macho upande wa Mugombe, na mimi nilikimbia nyuma ya lile gari nikipiga kelele kwamba nilikosea, jamani, nilikosea mimi, mpaka vumbi likanijaa kinywani. Mama ndiye aliyekuja kuniokota barabarani. Hakunigombeza siku ile, wala kesho yake, wala milele. Bora angenichapa.

Nimekua, na nimekasirika. Nimekaa darasani nikionyeshwa ramani, nikauona ule mpaka umechorwa kwa mstari mweusi mnene, nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akaniuliza kuna nini. Maji yenyewe ya Nyabiho, hapo tu ng'ambo ya mstari, yanafika magotini. Bibi wa Bibi alikuwa akivuka kuomba chumvi na kurudi kabla ugali haujapoa. Waliochora mstari hawakuwa Waha wala Warundi, na wamekwenda zao zamani, ila sisi tumebaki tukiulinda kuliko wenyewe. Naipenda nchi yangu, nimeimba wimbo wake asubuhi zote za shule. Lakini siku ile niliamini kwamba kumpenda Bibi ni kumkata kipande, na hilo sikulitoa kichwani mwangu peke yangu. Redio ilinifundisha.

Bibi alikaa kwa wajomba zake, ng'ambo. Mama alikwenda kumwona mara mbili. Mara zote mbili niliumwa tumbo ghafla. "Amekuuliza," Mama alisema akirudi. Baba naye alihangaika na barua, ofisi hii, ofisi ile, njoo wiki ijayo, mhusika hayupo. Mimi niliacha kupanda kilima cha uyoga.

Mambo yakaja kugeuka. Kule Burundi kukaharibika, na watu wakaanza kumiminika kuja kwetu kupitia milimani, na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Bibi alikuwa miongoni mwao. Waliowaandikisha hawakuuliza mito wala vilima. Wakampandisha basi pamoja na wengine, wakampeleka kambini, huku huku wilaya ya Kasulu, mwendo wa saa chache kutoka chuo alichokuwa anapika mwanawe. Baba alimtafuta wiki tatu ndipo akampata.

Safari hii sikuumwa tumbo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulimkuta amekaa mbele ya hema, amekonda, anachambua maharage ya mgawo. Jirani yake, mama wa Kikongo, akampigia kelele, "Koko, batoto yako banakuja!" Bibi akainua kichwa. Akamsalimia Baba, akamsalimia Mama, akanishika mimi kidevu na hakukiachia.

"Wamenipa karatasi," akaniambia kwa Kiha, akatoa kadi kifuani. "Ya kwanza maishani mwangu. Soma."

Nikasoma. Uraia: Burundi. Nikamrudishia.

Baba na Mama walipokwenda kuulizia kwa wakubwa wa kambi, nilipiga magoti. "Bibi, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa uongo wangu."

"Ah, ule!" Akacheka. "Niliusikia wote. Ulimfanya Nyabiho mtu, ukamuua, ukamzika, tena ukamlaza na mume wangu!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampigapiga mgongoni, mifupa yote naihesabu. Kilipomwachia hakucheka tena.

"Kuondolewa hakukuniuma sana," alisema. "Kule nako ni kwetu. Kilichoniuma ni pale ulipoanza na Mugombe. Kana kwamba mimi nilianzia katikati."

Nililia. Akaniacha nilie, akaendelea na maharage yake.

"Wakiniuliza tena, Bibi, nitasema," nikamwambia. "Nitaanza mwanzo."

"Watauliza," akasema. "Hao hawachoki kuuliza."

Akanifundisha upya, pale pale, mstari kwa mstari. Nilikuwa nayajua yote, lakini nilimwacha anifundishe. Mama wa Kirundi aliyekuwa anapita na ndoo alisimama aliposikia Nyabiho. Alisema alikuwa akifulia pale, kisha akaondoka bila kuongeza neno.

Baba aliambiwa athibitishe upya kwamba mama yake ni mama yake. Alikuwa bado anathibitisha mvua zilipoanza, na kikohozi cha Bibi hakikungoja barua. Alifia hospitali ya kambi, asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Kibali cha kusafirisha maiti kilipatikana siku ile ile. Tukakodi pikapu, tukamlaza nyuma, mimi na Mama tukakaa naye. Njia nzima ya kwenda Kibondo nilikuwa na wazo moja tu: kule mbele kuna kizuizi. Watasimamisha gari. Wataona jina, wataona kadi, watauliza huyu ni wa wapi, amezaliwa wapi. Nikawa nayapanga maneno ulimi ukiwa mkavu. Amezaliwa Nyabiho, afande. Ni mto, uko Burundi, mama yake alikwenda kwao kujifungua, siku nane akarudi. Nikayarudia tena na tena, mvua inatunyeshea, turubai linapigapiga, mpaka nikahakikisha hakuna hata neno moja litakalonitoroka.

Kizuizini askari akasogea na tochi, ingawa ilikuwa mchana, kwa jinsi wingu lilivyokuwa zito. Baba akampa kibali kupitia dirishani. Hakukisoma. Akaja nyuma, akaliangalia turubai, akamwangalia Mama, akaniangalia mimi. Nilisimama kabisa, nimeshika ukingo wa gari, mdomo uko wazi.

"Ni nani wenu?" akauliza.

"Bibi yangu. Ame—"

"Poleni sana," akasema, akavua kofia. "Mpelekeni nyumbani. Piteni."

Akanyanyua kizuizi. Gari likaondoka, na mimi nikamlilia Bibi kwa mara ya kwanza tangu afe, nikimwona yule askari anazidi kuwa mdogo kwenye mvua, kwa sababu hakuniuliza alikozaliwa.